Jiwe la Kusagia la Skola

Mwezi uliopita tulikutana Uyole, sisi tuliosoma pamoja chuoni Iringa, katika ukumbi ulio karibu na barabara kuu kiasi kwamba kila lori likipita viti vinatetemeka. Tumefika umri wa kuulizana habari za presha kabla ya habari za watoto. Kulikuwa na pilau, kuku wa kukaanga na ndizi za kupikwa kwa maziwa, na baada ya kula wakazima taa za mbele ili tuangalie picha za zamani ukutani. Kila uso ulipigiwa vigelegele. Ikaja picha ya klabu yetu ya utalii: tumesimama kwenye njia iliyopangwa mawe meupe pande zote mbili, nyuma yetu nyasi za bonde, kila mtu meno nje. Pembeni kabisa, nusu yake imekatwa, yuko mwanamke mzee aliyejifunga kitenge juu ya gauni, ameinama. Mtu akauliza yule bibi ni nani. Osward, ambaye sasa ni mwenyekiti wetu na tumbo la uenyekiti analo, akasogeza kipaza sauti mdomoni. "Si yule bibi aliyetuchelewesha? Hapo alikuwa anafunga kamba za viatu!" Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilikuwa na paja la kuku mkononi. Bibi Veronika siku ile alivaa ndala, na ndala hazina kamba.

Nina hasira, na nasema mapema ili anayesoma asingoje nipoe kwenye kurasa za mbele. Watu huniambia, Tumpe, mambo ya zamani hayo, yaache. Nimeyaacha mengi. Nimemsamehe mwalimu aliyenifelisha, nimemsamehe hata mwanamume aliyeniacha na mahari imeshapokelewa. Lakini mwaka ule mmoja wa Iringa, mwaka niliozunguka nchi hii kama mtalii nikiamini naipenda, sijausamehe, na kicheko cha Uyole kimenionyesha kwamba sitausamehe. Wenzangu wanaukumbuka kwa picha. Mimi naukumbuka kwa chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa Kihesa, kwa Mama Faraja, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vinne na jiko la nje. Ukuta kati ya chumba changu na chao haukufika juu kwenye mabati, kwa hiyo nilisikia kila kitu: nani amekohoa, nani anakuna sufuria, nani amesali na nani amelala bila kusali. Iringa ni baridi, na jioni nilichukua sweta langu na kigoda nikaenda kukaa nao jikoni karibu na moto. Tulikula ugali wa dona na maharage, Jumapili kukawa na dagaa, na msimu wa mahindi mabichi tuliyachoma mpaka vidole vikawa vyeusi. Mama Faraja alikuwa mshonaji, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kufoka. Faraja alikuwa na miaka saba hivi. Alimwita Mama Faraja mama, na wapangaji wapya walikaa miezi kabla ya kujua kwamba Mama Faraja ni mama yake mdogo. Mama aliyemzaa aliitwa Skola, alifariki siku ile ile aliyomzaa. Na pembeni ya moto, siku zote mahali pale pale, alikaa mama aliyewazaa Skola na Mama Faraja, Bibi Veronika, anabambua maharage.

Bibi Veronika hakuwa mtu wa Iringa mjini. Alitoka bondeni, huko chini ya Igawa, kwenye kijiji ambacho sasa hakipo. Eneo lao liliingizwa hifadhini, wakaambiwa wahame, wakahama. Hakulisimulia kwa kulia. Alilisimulia kwa kifupi, kama mtu anayeeleza mvua ilivyonyesha, halafu akauliza chumvi iko wapi. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, na asubuhi alinisalimia "Kamwene" hata baada ya kujua mimi ni Mnyakyusa, akanifundisha kujibu mpaka nikazoea.

Mimi mwaka huo nilikuwa nimepagawa na klabu. Mlezi wetu, mwalimu tuliyemwita Patroni, alikuwa na usemi wake: Mtanzania hawezi kuipenda nchi asiyoitembelea. Nilimwamini. Tulipanda Gangilonga tukakaa juu ya mwamba tukiangalia mji wote chini, mabati yanawaka jua. Tulikwenda ziwa Ngozi, tukapanda msituni kwenye tope mpaka magoti yakaisha nguvu, na tulipofika juu tukaliona ziwa la kijani limetulia ndani ya kreta, nikalia kwa furaha mbele za watu. Sikutia chumvi wakati ule wala sitii sasa. Nilipenda kweli. Ndiyo maana hasira yangu ina mizizi mirefu.

Tulipotoka Isimila nilirudi jikoni nikiwa na mengi ya kusimulia. Niliwaeleza nguzo za udongo zilizosimama bondeni, kisha zana za mawe za watu wa kale, zilivyolazwa chini ya kibanda, na mwongozaji alivyotueleza kwa sauti ya chini kama tuko kanisani.

Bibi Veronika akaacha kubambua. "Hayo mawe ya nani?"

"Ya watu wa kale, Bibi."

"Jina lao?"

"Hayajulikani. Ni zamani sana."

"Na ndugu zao wako wapi?"

"Hawajulikani pia."

"Lakini mawe yanalindwa."

"Yanalindwa, Bibi. Hata kugusa huruhusiwi."

"Vizuri," akasema, akarudi kwenye maharage yake. Mama Faraja alimtupia jicho mama yake, halafu akanipa bakuli niongeze mboga. Nilijua nimekanyaga kitu, sikujua nini.

Nilikijua jioni ile ile, kupitia juu ya ukuta. Bibi alikuwa anasema kwamba mwaka mwingine unapita Skola hajamwagiwa unga. Kwao, mwanamke akizikwa, jiwe lake la kusagia huwekwa upande wa kichwa, na kila mwaka kabla ya kulima ndugu zake huenda na unga wa ulezi uliokorogwa kwenye maji, wanaumwaga pale na kumpa habari za nyumbani: nani kaoa, nani kazaliwa, mtoto wake anaendeleaje. Walipoambiwa wahame, kaka zake Bibi walichukua chokaa iliyobaki kigangoni wakayapaka mawe ya makaburi yote, yang'ae, ili siku watakayoruhusiwa kurudi wayaone hata nyasi zikiwa ndefu. Hawakuruhusiwa. Bibi mwenyewe alikwenda mara moja mpaka getini na chupa yake ya unga, akaambiwa wanakijiji hawaingii, wanaingia watalii tu.

"Mama, achana nayo," Mama Faraja alikuwa anasema kwa sauti ya kuchoka. "Mungu anajua alipo."

"Mungu anajua. Huyu mtoto hajui. Ataniuliza mimi, si Mungu."

Wiki chache baadaye Patroni alitangaza safari ya mwisho ya mwaka. Tungeshuka mpaka Igawa, tuingie hifadhini kupitia bondeni, tulale kwenye kambi. Kila mwanachama aliruhusiwa kuleta mgeni mmoja, maana basi lilikuwa na nafasi. Nilipolitaja jina la hifadhi jikoni, kisu cha Mama Faraja kilisimama kwenye kitunguu. Bibi Veronika akauliza swali moja tu.

"Wewe ukienda unaitwa nani?"

"Mtalii, Bibi."

"Basi na mimi nitakuwa mtalii."

Mama Faraja alifoka, akasema mama yake anataka kumwaibisha, anataka kufia porini, kisha akacheka, kisha akalia, kisha akamtafutia kofia. Ilikuwa kofia ya majani yenye utepe mwekundu, ya mteja mmoja aliyeiacha. Asubuhi ya safari Bibi alitoka chumbani na kofia ile, gauni la kwenda kanisani, kitenge na ndala, na ndani ya kikapu chupa yenye maji na unga wa ulezi kwenye kitambaa. Faraja alishika mlango akamwambia, "Bibi, mwambie nimekuwa wa tatu darasani." Nilikuwa na kamera ya kuazima shingoni. Sikumpiga picha.

Safari yenyewe ilikuwa ya nyimbo. Tulipita Mafinga na Makambako tukiimba, na wavulana wakamtania Bibi wakimwita Mzungu Wetu, akacheka nao na kuwagawia karanga. Osward alicheza mbele yake kwenye njia ya basi. Nasema haya ili ijulikane kwamba hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wazuri mpaka pale uzuri ulipotakiwa. Igawa tulisimama kula, wengine chipsi, wengine wali na samaki, na Bibi alisimama nje akiangalia barabara inayoshuka bondeni. Wanawake wawili wauza mchele walimsalimia kwa jina. Hakutaka kukaa nao. Alikuwa na haraka, na macho yake yalikuwa ya msichana.

Getini askari aliingia kutuhesabu. Alipofika kwa Bibi akasita. "Na huyu bibi?"

"Mtalii," akajibu mwenyewe, akanyoosha kofia.

Basi likacheka, na yule askari naye akacheka, tukapita. Hivyo ndivyo Bibi Veronika alivyoingia nyumbani kwake.

Kambi ilikuwa na banda la kulia chakula lililoezekwa nyasi, vyumba kadhaa vya duara, na kwa nyuma, chini kidogo, vyoo na bafu. Kutoka bandani mpaka vyooni palikuwa na njia safi ya changarawe, imepangwa mawe yaliyopakwa chokaa pande zote mbili, kama unavyoona mbele ya ofisi za serikali na mashule nchi nzima. Tulisema kambi nzuri. Patroni akasema, "Hapa, picha ya pamoja hapa!" Tukajipanga njiani. Nilimwita Bibi aingie katikati. Alikuwa anatembea taratibu pembeni ya mawe, jiwe kwa jiwe, mdomo unacheza kama anayesali. Halafu akainama. Kamera ikalia. Hiyo ndiyo picha ya Uyole.

Aliponyanyuka alikuwa ameshika jiwe. Halikuwa la mviringo kama mengine mengi. Lilikuwa bapa, limebonyea katikati kwa kusagiwa, na pembe moja ilikuwa na pengo. "Hii ya Skola," akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeona sufuria yake kwa jirani. "Hapa ilivunjika, aliiangusha siku ya kwanza kupewa, akalia. Hii ya Skola. Na ile ya mama yangu. Na ile pale ya mke wa kaka." Alinyoosha mkono kufuata njia, na mkono ukafika mpaka mlangoni mwa choo.

Mlinzi wa kambi alieleza, na sidhani alidanganya. Mafundi waliojenga kambi walikuta mawe yamelala huko nyasini, yameshapakwa rangi tayari. Walidhani ni mabaki ya kazi ya serikali, ya wapima ardhi au ya watu wa barabara. Nani mwingine anapaka mawe chokaa? Wakafurahi kupunguziwa kazi, wakayasomba. Chokaa ile ile iliyopakwa ili makaburi yaonekane ndiyo iliyoyaondoa.

Bibi alikuwa tayari ameliweka jiwe kifuani. Patroni akaja na tabasamu lake la uongozi. "Bibi, sheria ya hifadhi hairuhusu kutoa kitu chochote. Hata jani. Tunaondoka na picha tu."

"Sitoi," akasema Bibi. "Nairudisha kwake. Ni hapo hapo tu."

"Utatuharibia ratiba, Bibi. Tuna kiboko wa kuangalia saa kumi."

Nilimwambia Patroni maneno ambayo mwanafunzi wa Iringa wakati ule hakumwambia mwalimu. Nilimwuliza, mawe ya Isimila ambayo hata jina la mwenyewe halijulikani tuliambiwa tusiyaguse, haya yenye jina tunayapanga kwenda chooni, ni kwa nini? Alinijibu kwamba ninachanganya mambo. Wenzangu waliangalia chini. Osward akanivuta mkono: "Tumpe, acha zako bwana, tumekuja kuenjoi." Aliyenisaidia ni askari mmoja wa makamo, ambaye hakusema mengi. Alichukua bunduki yake kwa ajili ya wanyama, akasema, "Twende, Bibi. Nionyeshe. Tutalirudisha."

Tulikwenda watatu. Bibi alijitwika jiwe juu ya kitambaa, akaiacha kofia kwenye nyasi. Mwanzo alitembea kwa uhakika. Alisema hapa ndipo kisima, na kweli palikuwa na shimo lililojaa matete. Alisema kutoka hapa unaelekea kwenye mti wa kwa kaka, halafu makaburi yako mkono wa kushoto. Mti haukuwepo. Nyumba zilikuwa zimeshakuwa udongo na udongo umeshakuwa nyasi, na nyasi zilikuwa zinamfika begani. Alikwenda kushoto, akarudi. Akaanza tena kutoka kisimani, akahesabu kwa kidole, akaenda, akasimama, akageuka. Askari alipasua nyasi kwa fimbo akitafuta hata mwinuko wa udongo. Bonde lile ni tambarare, na mvua za miaka zilikuwa zimesawazisha kila kitu. Kutoka kambini basi likaanza kupiga honi. Likapiga tena. Bibi alizunguka na jiwe kichwani, jasho linamtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akapandisha sauti. "Skola! We Skola! Uko wapi?" Aliita kama mama anayemwita mtoto aje kula. Honi ndiyo iliyomjibu.

Alirudi kwa miguu yake, hakutaka ashikwe. Alilirudisha jiwe pale pale njiani alipolitoa, akalilaza ule upande uliobonyea ukiwa juu. Akapiga magoti kwenye changarawe, akakoroga unga kwenye chupa, akaumimina ndani ya jiwe mpaka ukajaa. Wasichana wawili waliokuwa wanatoka chooni wakampisha kwa kuruka upande wa pili. "Skola," akasema, "mtoto amekuwa wa tatu darasani." Akangoja kidogo, kisha akainuka akapanda basi. Tulimwona kiboko saa kumi. Patroni alitupongeza kwa kushika muda.

Usiku ule sikula nao, na Jumatatu niliporudi chuoni niliondolewa kwenye klabu kwa utovu wa nidhamu. Nilifurahi. Bibi Veronika aliishi mvua mbili tu baada ya hapo. Hakuizungumzia tena ile safari, ila jioni moja nikiwa nachovya mkate wa jana kwenye chai yangu, alisema bila kuniangalia, "Wangeyaacha machafu yale mawe, tungeyaona." Alikuwa anawalaumu kaka zake. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Walimwondoa, wakasomba mawe yake, wakampigia honi, na mwisho wa yote akabaki anawalaumu watu wake kwa kupaka chokaa.

Kwa hiyo Uyole, kicheko kilipoisha, nilikwenda mbele nikachukua kipaza sauti. Niliwaambia mawe yale ni ya nani, jiwe kwa jiwe kwa yale niliyoyajua. Niliwaambia kuhusu ndala. Lori likapita, viti vikatetemeka. Halafu Osward akanishika bega kwa upole wa mwenyekiti, akasema, "Asante dada Tumpe kwa kutukumbusha. Sasa tusiharibu siku." Akatangaza kwamba mwezi wa saba kutakuwa na safari ya kumbukumbu, kwenye kambi ile ile, imekarabatiwa, na kila mtu anaruhusiwa mgeni mmoja. Watu wakapiga makofi, nadhani kwa kushukuru kwamba nimeshuka.

Faraja sasa ni muuguzi Mbeya mjini, ana watoto wawili, wa kwanza anaitwa Skola. Nilimpigia simu kabla sijafika nyumbani, nikamweleza habari za safari.

"Dada Tumpe," akasema, "nikienda, nitasimama wapi?"

Ningeweza kumwambia bondeni, popote, mama yako anakusikia popote. Ndivyo wanavyosema watu wazuri. Nilimwambia ukweli. "Kwenye njia ya kwenda chooni, mdogo wangu. Pale ndipo lilipo jiwe. Kwingine hatukujui."



"Basi tutasimama hapo hapo," akasema. "Mimi, wewe na watoto. Anayetaka choo atazunguka."